Siku Tulipopanga Wino na Rangi

Asubuhi moja ya kifuku, msimu wetu wa mvua, katika mwaka wa pili wa ndoa yangu, nilichovya kalamu kwenye lami nikidhani ni wino.

Chupa ilikuwa ya wino kweli, ile ndogo yenye mabega, na ilikaa pale pale nilipozoea kuweka wino wangu, kwenye ukingo wa dirisha. Nilikuwa nimetandaza foronya nyeupe mezani, nimeinama, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Nikagusisha ncha ya kalamu kitambaani. Badala ya mstari mwembamba wa buluu likadondoka tone jeusi, zito, linalong'aa, likatulia katikati ya foronya kama kupe aliyeshiba.

Foronya haikuwa yangu. Ilikuwa ya bibi harusi.

Nieleze kwanza tulivyokuwa tunaishi. Ilikuwa zamani za Mwingereza, bendera yake ikipepea Boma, na Sumbawanga ulikuwa mji ambao ungeweza kuuzunguka kwa miguu ukarudi nyumbani chai yako haijapoa. Mimi na mume wangu tulipanga vyumba viwili mtaa wa Majengo, katika nyumba ya mama mmoja mjane, mtu wa Ujiji, ambaye marehemu mumewe, muuza nguo, alimleta Ufipa alipomwoa, naye hakurudi tena kwao. Sote tulimwita Bi Mkubwa. Chumba kimoja tulilala. Cha pili kilikuwa cha kazi, na kazi zenyewe zilikuwa mbili.

Mume wangu alikuwa fundi wa maandishi. Aliandika majina kwenye malori, kwenye mbao za maduka na kwenye misalaba ya makaburini, na herufi zake zilikuwa nene, zimesimama wima kama askari. Mimi nilikuwa mchoraji wa vitambaa. Kazi hiyo niliipata kwa masista wa misheni nilikosoma, kule Kaengesa. Wanawake wa mjini waliniletea mashuka, foronya na vitambaa vya meza. Nami niliwachorea maua na ndege kwa wino wa shule uliozimuliwa kwa maji mengi. Wao walidarizi juu ya mistari yangu. Kitambaa kikifuliwa, wino unaondoka, ua linabaki.

Basi watu wawili, kazi mbili, chumba kimoja, na mume wangu hakuwa mtu wa kurudisha kitu mahali pake. Makopo ya rangi ya mafuta yalikuwa chini ya meza, nyuma ya mlango, na ndani ya sufuria niliyopewa na mama siku ya harusi yangu. Tapentaini ilikuwa kwenye chupa ya bia. Mafuta ya taa yalikuwa kwenye chupa ya bia nyingine iliyofanana nayo kama pacha. Vanishi ilikaa kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, na dawa ya kikohozi, Mungu alituhurumia, ilikaa kwenye kikombe. Ukimwuliza, anakujibu bila wasiwasi, "Mimi najua kila kitu kilipo." Na ni kweli alijua. Tatizo ni kwamba aliyejua alikuwa yeye peke yake.

Nilipoliona lile tone nilipiga yowe. Bi Mkubwa akaja mbio kutoka uani, mikono imejaa unga.

"Kuna nyoka?"

"Hapana, Bi Mkubwa. Lami."

Akaiinamia foronya. Bibi harusi alikuwa mtoto wa kaka yake, mwenye lori, aliyemfuata huku Ufipa, na foronya zilikuwa nane, zawadi ya shangazi, na yeye mwenyewe ndiye aliyezikata na kuzishona. Nilisubiri anifukuze. Aliligeuza lile tone huku na huku kwenye mwanga wa dirisha, kisha akasema, "Chora alizeti."

"Nini?"

"Alizeti lina moyo mweusi. Chora majani ya manjano kuizunguka hiyo lami yako, nasi tutaifunika kwa uzi mweusi." Akajipangusa unga kwenye kanga. "Lakini nyinyi wawili leo hamli, hamnywi, mpaka chumba hiki kipangwe. Mumeo yuko wapi?"

Mume wangu alikuwa barazani akipiga msasa ubao wa duka. Akaingia, akaangalia chupa, akaangalia foronya, akajikuna kichwa.

"Lami niliiweka hapo kwa sababu hapo palikuwa na nafasi."

"Palikuwa na nafasi kwa sababu ni mahali pangu!"

"Basi," alisema Bi Mkubwa, "kila mtu atapewa mahali pake, na leo."

Alitupatia masanduku manne ya mbao, yale yaliyokuja na madebe ya petroli, ambayo kaka yake alikuwa ameyarundika stoo. Mume wangu akayalaza ubavu, akayapandisha moja juu ya jingine, akayapigilia misumari ukutani, na ghafla tukawa na rafu. Mimi nilikuwa sijawahi kumiliki rafu. Niliizunguka nikiishika huku na huku, nikacheka peke yangu. Ndipo mvua ikashuka, ile mvua ya Ufipa inayokuja na upepo wa baridi, ikapiga bati mpaka tukawa tunasemezana kwa kupiga kelele. Tukafunga dirisha. Tukafunga na mlango. Mume wangu akasema jambo moja la busara siku ile: jiko la mkaa lisiingie chumbani hata kwa dakika moja. Mengine yote aliyoyasema siku ile hayakuwa ya busara.

Tulianza vizuri. Tulikubaliana kwamba vitu vya maji vikae juu na vya mafuta vikae chini, ili vya mafuta vikivuja visiue vya maji. Juu nikapanga vyangu: pakiti za unga wa wino wa buluu na mwekundu, chupa ya wino mweusi niliotengeneza mwenyewe kwa masizi ya sufuria, kibuyu cha udongo mwekundu wa kando ya mto, mfuko wa chokaa, na penseli yangu ya wino, ile ambayo ukiilowesha kwa mate inaandika zambarau. Kila aliyetumia penseli ile alitoka na midomo ya zambarau, nami ndiye niliyeongoza.

Vya mume wangu ndivyo vilivyotushinda. Huwezi kujua kilichomo kwenye kopo bila kulifungua, na vifuniko vilikuwa vimegandana na makopo. Tulivibandua kwa bisibisi, kimoja baada ya kingine. Kila kopo lilipofunguka lilitoa harufu yake, na harufu ikakaa nasi chumbani, haikuwa na pa kwenda. Bi Mkubwa aliketi kwenye kigoda katikati, kama hakimu. Kazi yake ilikuwa kutaja rangi. Kazi yangu ilikuwa kuandika jina kwenye kipande cha karatasi na kukibandika kwa gundi ya unga.

"Hii?" mume wangu akauliza, akiinua kijiti kilichochovywa.

"Hudhurungi," akasema Bi Mkubwa.

"Hiyo ni rangi ya ugoro."

"Ugoro wa nani? Ugoro uko mweusi kuliko hivyo. Hiyo ni hudhurungi. Andika, mwanangu."

Nikaandika. Lililofuata lilikuwa na kijani kilichochanganyika na kijivu, na kidogo na kitu kingine kisichojulikana.

"Maji ya kunde," akasema Bi Mkubwa bila kusita.

Mume wangu akacheka. "Maji ya kunde ni rangi ya mtu, Bi Mkubwa. Ni rangi ya ngozi."

"Wewe umeshawahi kuchemsha kunde?"

"Hapana."

"Basi nyamaza."

Mimi nilikuwa naandika huku nasoma kwa sauti, na ulimi wangu wa Kifipa ulikuwa bado haujazoea. "Langi ya maji ya kunde," nikasema.

"Rangi," Bi Mkubwa akanisahihisha.

"Langi."

"Rrrrangi!" Alitetemesha ulimi mpaka mate yakaruka kwenye kopo la nyeupe. Tukatazama mate yanavyoelea juu ya rangi. Sijui ni nani aliyeanza. Nadhani ni mume wangu. Alitoa sauti kama ya mbuzi, akajizuia, ikamtoka tena. Nami nikaanza. Bi Mkubwa alitutazama kwa ukali, akainua kidole ili atukanye, akafungua mdomo, na badala ya maneno kikamtoka kicheko chembamba cha msichana wa miaka kumi na mitatu.

Hapo hatukujua kwamba ilikuwa harufu ya tapentaini iliyotulewesha. Tulijua tu kwamba kila kitu kilikuwa kimekuwa cha ajabu na kizuri. Kopo lililofuata lilikuwa na nyekundu ya giza. Bi Mkubwa akatangaza, "Damu ya mzee!" na mume wangu akauliza, "Mzee yupi?" na swali hilo likatuangusha. Naapa nilikaa sakafuni. Nilijaribu kuandika *damu ya mzee* kwenye karatasi, nikaandika *mzee ya damu*, nikawaonyesha, na Bi Mkubwa akateleza kwenye kigoda chake polepole, kwa heshima zote, mpaka akaketi chini kando yangu, kanga imemwangukia usoni.

"Mimi," alisema kutoka ndani ya kanga, "sijaonja pombe tangu kuzaliwa. Na leo nimelewa rafu."

Mume wangu alikuwa wa kwanza kupata akili kidogo. Alifungua mlango na dirisha, na hewa baridi ikaingia ikatupiga usoni. Mvua ilikuwa imepungua kuwa manyunyu. Tungepumzika hapo, mambo yangeishia hapo. Lakini nyuma ya mlango, baada ya kuuvuta, kilikuwa kimebaki kitu kimoja ambacho hatujakipatia mahali: bomba la kupulizia dawa ya mbu, lile la bati lenye kikopo kwa mbele na mpini wa kusukuma. Halikuwa letu. Bwana Afya, aliyepita nyumba kwa nyumba kukagua usafi, alikuwa amemwachia Bi Mkubwa ili apulizie vyumba vya uani, naye akaliweka kwetu lisinyeshewe.

"Hili linakaa wapi?" nikauliza. "Juu au chini? Ni la maji au la mafuta?"

Mume wangu akalichukua, akasukuma mpini. Lilikuwa tupu; likatoa upepo tu, *psss*. Akanipulizia shingoni. Nikaruka. Kisha akasimama akilitazama, na nikaona wazo linavyomwingia.

"Kinachopuliza dawa," alisema, "kitashindwaje kupuliza rangi?"

Bi Mkubwa alikuwa bado sakafuni. "Jaribu," akasema.

Tungekuwa na akili timamu, mmoja wetu angesema ni mali ya watu. Hakuna aliyesema. Mume wangu alichukua buluu, ile ambayo Bi Mkubwa alikuwa ameipa jina la samawati baada ya mabishano marefu, akaizimua kwa tapentaini mpaka ikawa nyepesi kama maziwa, akaimimina kwenye kikopo. Mimi nikaleta karatasi yangu ngumu niliyokata umbo la ua, niliyoitumia kuchorea vitambaa haraka. Tukatoka barazani, ambako paa lilikuwa limeukinga ukuta na mvua. Ukuta ulikuwa mweupe, umepakwa chokaa mwezi uliopita. Bi Mkubwa akaibana karatasi ukutani kwa mikono miwili. Mume wangu akasukuma.

*Psss. Psss.*

Bi Mkubwa akabandua karatasi. Pale ukutani lilikuwepo ua. Halikuwa na mstari wa brashi, wala alama ya kalamu. Lilikuwa limetua tu, laini pembezoni, kama limepumuliwa na mtu mwenye afya njema. Nilipiga vigelegele peke yangu barazani, bila harusi, bila mtoto kuzaliwa. Nilikuwa nimechora maua mia kwa mkono, petali moja moja, mgongo ukiniuma, na hili moja lilikuwa limechukua muda wa kupiga chafya mara mbili.

"Jingine," akasema Bi Mkubwa.

Tukapuliza jingine. Tukapuliza la juu yake. Mume wangu akasema upande wa kushoto umepungukiwa, tukajaza wa kushoto, ndipo wa kulia ukapungukiwa. Nilimnyang'anya bomba nipulize mimi. Bi Mkubwa akaninyang'anya mimi. Mikono yake ilikuwa ya samawati mpaka viwikoni, kwa kuwa ndiye aliyeshika karatasi. Wapita njia waliotoka kujikinga mvua wakaanza kusimama barabarani. Mzee mmoja alituamkia, akasubiri aitikiwe, hakuna aliyemsikia. Adhana ya alasiri ndiyo iliyotukomesha. Bi Mkubwa aliisikia, akaangalia mikono yake, akasema, "Nitatawadhaje hivi?" na akaingia ndani mbio huku mume wangu akimfuata na kitambaa cha mafuta ya taa na sabuni ya mche.

Kulipokucha nilikuwa na kichwa kizito kama gunia. Mume wangu alikuwa amekaa kitandani ameshika paji la uso. Tukasikia Bi Mkubwa akifungua mlango wa mbele. Tukatoka.

Ukuta mzima wa mbele, kuanzia mlangoni hadi kona, ulikuwa umejaa maua ya samawati. Mengine yalikuwa wima, mengine yamelala, mengine yamepandana. Karibu na dirisha lilikuwepo moja kubwa lenye alama ya kiganja cha Bi Mkubwa katikati.

"Nani amefanya hivi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sisi," mume wangu akajibu.

"Na mimi?"

"Wewe ulishika karatasi, Bi Mkubwa."

Akavuta pumzi. Kabla hajaitoa, tukamwona Bwana Afya anakuja kwenye baiskeli yake. Alikuwa kijana nadhifu kuliko wote mjini, kaptula ya kaki iliyopigwa pasi ikasimama kama mbao, na soksi nyeupe mpaka magotini. Aliegemeza baiskeli, akapanda barazani.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

Aliutazama ukuta. Akautazama tena. Alikuwa na daftari mkononi, na nilimwona anatafuta ukurasa ambao ungefaa jambo kama lile, asiupate. Akalifunga.

"Nimekuja kuchukua bomba," akasema.

Bomba! Lilikuwa kwenye rafu, mahali pake, tena nililibandikia karatasi ya kwake, BOMBA, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote. Lakini hakuna aliyekumbuka kulisafisha. Mume wangu akaingia ndani kwa mwendo wa mtu anayekwenda kunyongwa, akalileta. Nilimpa ishara ya macho asimpe. Naye alinipa ishara ya macho kwamba hana la kufanya.

"Dawa imekwisha?" aliuliza Bwana Afya.

"Imekwisha," akasema Bi Mkubwa, ambayo ilikuwa kweli.

Bwana Afya alikuwa mtu makini. Hakupokea chombo bila kukijaribu. Alielekeza mdomo wa bomba chini, mbali na nguo zetu, akasukuma mpini kwa nguvu.

Soksi yake ya kulia ikageuka samawati kuanzia gotini hadi kiatuni.

Bwana Afya alikuwa ameinamisha kichwa, anautazama mguu wake kama vile ni wa mtu mwingine aliyesimama karibu naye. Nilianza kusema tutamfulia, tutamnunulia, tutafanya lolote. Aliinua mkono ninyamaze. Akautazama mguu wa kushoto, mweupe kabisa. Akautazama wa kulia.

"Siwezi kuingia Boma na mguu mmoja wa samawati," alisema.

"Hapana, bwana," mume wangu akasema.

Bwana Afya alimrudishia bomba, akasogeza mguu wa kushoto mbele, akaunyoosha.

"Basi puliza na huu."

Mume wangu alinitazama mimi. Nikalichukua bomba, nikapiga magoti, nikapuliza kwa uangalifu kuliko nilivyopuliza ua lolote, juu hadi chini, mbele na nyuma, mpaka soksi mbili zikalingana. Nilipoinuka, nilikuta Bwana Afya amefumba midomo kwa nguvu, mabega yanamtikisika. Bi Mkubwa alikuwa ameshaushika mlango asianguke. Na safari hii hapakuwa na tapentaini ya kusingizia. Tulicheka wote wanne, kwenye baraza, mchana kweupe, mpaka majirani wakaja kuuliza kuna msiba au kuna nini.

Tulilisafisha bomba mbele yake, akalifunga nyuma ya baiskeli. Tulisikia baadaye kwamba aliulizwa kule ofisini kuhusu soksi, akajibu kwamba ndizo alizonazo. Ukuta hakuuandika popote.

Siku nne baadaye kaka yake Bi Mkubwa alirudi na lori kutoka Mbeya. Alikuwa mtu mnene, mpole, mchache wa maneno. Alisimamisha gari katikati ya barabara mbele ya nyumba, akaacha injini inanguruma, akashuka. Aliutazama ukuta kwa muda ambao ng'ombe wawili walipita kati yake na sisi.

"Hii naitaka kwenye gari," alisema. "Kumpeleka mwanangu kwa mumewe."

Mume wangu akajipangusa mikono, akasogea mbele. "Nitakuandikia na jina ubavuni, herufi nyekundu, na..."

"Jina umeshaniandikia mwaka jana. Ua ni la nani?"

Mume wangu alisita. Naweza kukuonyesha hata leo mahali aliposimama aliposita. Kisha akageuka, akaninyooshea kidole, na uso wake ulikuwa umejaa furaha tupu. "La mke wangu."

"Basi nazungumza na mkeo," akasema yule mzee. Akanigeukia. "Utaweza, mama?"

Nilikuwa na miaka ishirini. Hakuna mtu mwenye lori aliyewahi kuniuliza kama nitaweza jambo. Nilisema nitaweza.

Yule mzee alitununulia bomba jipya dukani, letu wenyewe. Kazi tuliifanya uani kwake, siku moja kabla ya kumsindikiza bibi harusi, kwa kuwa mvua hazikutupa nafasi mapema. Na siku hiyo ndiyo niliyoijua faida ya rafu. Tulibeba sanduku zima la chini kama lilivyo, makopo na majina yake. Nikisema "samawati", mkono wa mume wangu umeshafika. Nikisema "damu ya mzee", naletewa damu ya mzee, na hakuna aliyechovya brashi kwenye kisichostahili. Yeye alizimua, akachuja kwa soksi kuukuu, akajaza kikopo. Mimi nilipuliza. Bi Mkubwa alishika karatasi, maana alisema hakuna mwingine anayejua kuishika, na safari hii alivaa mifuko ya sukari mikononi. Nilikata maua matatu mapya na ndege mmoja. Wanawake wa mtaa walikuja na mishono yao, wakaketi juu ya magogo wakinielekeza. "Weka na pale juu ya taa!" "Mlango je, utauacha uchi?" Tulipomaliza, lile gari la mizigo, lililozoea magunia ya ulezi na samaki wakavu, lilikuwa limesimama pale likiona haya.

Asubuhi tukapanda. Bibi harusi mbele na baba yake aliyekuwa akiendesha, sisi wanawake nyuma chini ya turubai, na foronya nane ndani ya sanduku, ya alizeti ikiwa juu kabisa kwa sababu bibi harusi aliipenda kuliko zote. Safari ilikuwa ya Laela. Tuliimba kutoka Sumbawanga, na kila kijiji tulichopita watoto walikimbia nyuma yetu.

Barabara ile inapita karibu na kwetu, Kaengesa. Nilikuwa nimemwomba dereva, na alipofika kwenye njia ya nyumbani akasimama. Baba yangu alikuwa shambani pale pale kando ya barabara, anapalilia maharage. Aliinua mgongo. Nikaruka chini, nikamkimbilia, nikapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Alikuwa ananitazama, lakini macho yake yalikuwa yanakwenda nyuma yangu. Akaegemea jembe. Akaniuliza kwa Kifipa, taratibu, kama mtu anayeogopa kumkosea mgonjwa adabu, "Hilo gari linaumwa nini?"

Bi Mkubwa hakujua Kifipa. "Anasemaje?" akapiga kelele kutoka juu. Nikamtafsiria. Turubai zima likatikisika kwa vicheko.

"Haliumwi, baba. Ni maua. Nimeyapaka mimi."

"Wewe?"

"Mimi."

Aliacha jembe, akalisogelea gari. Alilizunguka lote, akainama kwenye magurudumu, akamtazama yule ndege mlangoni kwa muda mrefu. Baba yangu hakuwa mtu wa kusifu. Nilipomaliza shule alisema, "Basi, umemaliza." Nilipoolewa alisema, "Nenda salama." Alinyoosha kidole chake cha shahada akagusa petali, na kwa kuwa rangi ilipulizwa jana na usiku ulikuwa wa unyevu, kidole kikatoka na samawati.

Nilimpa ncha ya kanga yangu ajifutie. Akakataa.

"Acha," alisema. Akakiangalia kidole. "Mlango wa nyumba yetu umechakaa. Mama yako analalamika kila siku. Utakuja lini?"

"Kabla ya mavuno, baba."

"Njoo na hii hii. Na huyo ndege."

Akaenda nyumbani, akarudi na kikapu cha mahindi mabichi, akampa Bi Mkubwa, wakaulizana habari za nyumbani kwa Kiswahili cha polepole. Dereva akawasha gari. Tulipoondoka niliona majirani wawili wamemfuata pale barabarani, naye amewainulia kidole anawaonyesha, wao wameinama wote wawili kukitazama.

Niliporudi mjini Jumatatu, mume wangu alikuwa mezani anapaka nyeusi ubao wa duka, vifuniko vyote vimefungwa isipokuwa kimoja. Nikamwambia habari za mlango wa baba. Akanyoosha mkono rafu ya chini, akatikisa kopo la samawati sikioni.

"Halitatosha," alisema, na tukaenda dukani wote wawili kununua jingine.